Sinia Moja Bila Chumvi

Kila asubuhi, kabla ya chai na kabla ya sala, familia yetu ilisimama uani kuangalia mkojo. Sisemi uongo. Nyumba nyingine za mtaa wetu wa Mutakura ziliamka na redio, nyingine na jogoo wa jirani. Sisi tuliamka na kikopo cha plastiki cha mdogo wangu. Mama alikishika kwa mikono miwili kama padri anavyoshika kikombe, akazamisha kijiti chembamba, akakitoa, akakipungia hewani, na sote tukanyoosha shingo. Baba na mswaki wake mdomoni. Koko, yaani mama yake Mama, aliyevuka mpaka kutoka Uvira kuja kutusaidia, na rozari yake mkononi. Mdogo wetu wa kati bado amefumba jicho moja. Na mimi, mtangazaji wa mechi.

Kijiti kikibaki cha njano, figo zimetulia. Kikigeuka kijani, bado zinavuja. Kwa majuma mengi kiligeuka kijani kibichi kama jani la muhogo, na Baba alirudi ndani kusukutua.

Siku hizi kila mtu kwetu anaamka saa yake, anakunywa chai yake, anatoka na simu yake. Mimi niko lise, yaani sekondari, nina mitihani, natoka nyumbani kabla wengine hawajaamka. Basi nikikaa mwenyewe nakumbuka pale uani na kile kikopo, na utashangaa, navikumbuka kwa hamu. Watu wengine wanakumbuka sikukuu. Mimi nakumbuka mkojo.

Ilianza kwa furaha. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa na miaka saba na mwili wa ufagio. Halafu akaanza kunenepa. Mashavu yakajaa, tumbo likatangulia, na wamama wa mtaa wakawa wanamsimamisha njiani kumfinya shavu na kumuuliza Mama anampa nini huyu mtoto. Mama akajibu kwa madaha kuwa ni sombe, majani yetu ya muhogo, na maziwa, hakuna siri. Mimi nikampa cheo. Nikamwita Mheshimiwa, kwa sababu alifanana na wale wanaoshuka kwenye magari makubwa kule bungeni Kigobe, tumbo linashuka kwanza, mwenyewe anafuata. Akakipenda. Akawa anatembea mikono nyuma, anakagua uani, anauliza kuku wana tatizo gani.

Kisha asubuhi moja macho yake hayakufunguka. Yalikuwa yamevimba kama maandazi. Mama akamshika mguu kumwamsha, na alipoondoa kidole, pale kilipokuwa pakabaki shimo. Mama akakaa chini palepale sakafuni, akawa anaangalia lile shimo linavyojaa polepole.

Hospitalini tulikutana na daktari mwanamke anayesema taratibu, kama anayewasomea imla watoto wa darasa la kwanza. Alichora kichungio cha chai nyuma ya karatasi. Akasema figo ni kama hiki, na cha huyu mtoto kimepanuka matundu, kile ambacho kingebaki mwilini kinatoka na mkojo, na maji yanabaki mahali pasipo pake. Alitoa vidonge vya kumeza kila asubuhi. Akatoa kopo la vijiti. Na akatoa amri: chumvi marufuku, hata ile iliyojificha kwenye kube za kutia ladha mchuzi na kwenye ndagala, yaani dagaa, wakavu, mpaka uvimbe uishe na kijiti kibadilike. Vidonge vikishindwa, akasema, itabidi apelekwe Kigali, achomwe sindano mgongoni, watoe kipande kidogo cha figo wakakitazame.

Wakubwa walidhani mtoto hasikilizi. Ndani ya teksi akanivuta sikio na kuniuliza ile sindano ya Kigali ni kubwa namna gani. Nikamwambia ni kama ile ya kushonea magunia. Nilitegemea atacheka, kwa sababu huwa anacheka. Alinishika mkono na hakuuachia mpaka tulipofika Mutakura.

Sasa, tatizo lilikuwa sinia. Kwetu watoto tunakula kwenye sinia moja. Ukimwekea mtoto sahani yake peke yake pembeni, ni kama umemwambia amefanya kosa, au anaumwa kitu cha kuambukiza. Mama alijaribu. Alipika sufuria ndogo bila chumvi, akampakulia Mheshimiwa kwenye sahani nzuri ya wageni, yenye maua. Mheshimiwa akaiangalia ile sahani, akatuangalia sisi wawili na sinia letu, akageukia ukuta. Mchana hivyo, jioni hivyo. Vidonge vyenyewe havimezwi tumbo likiwa tupu, kwa hiyo kutokula kwake kulikuwa ni kuielekea Kigali, na sote tulijua, hata yeye.

Baba ndiye aliyekata shauri. Aliingia jikoni, mahali ambapo hatukuwahi kumwona, akachukua kopo la chumvi, akaenda nalo uani, akalimwaga lote kwenye mtaro. Alifanya kwa heshima, kama anayeteremsha bendera.

"Kama ni sumu kwa mutoto," akasema, "basi haiingii mu hii nyumba."

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, Baba alishuka kwenye kiti chake akakaa mkekani. Koko akakaa, magoti yakilia kama mlango. Mama akaleta sinia moja kubwa, bugali katikati, maharage pembeni, na sote sita tukaingiza mikono. Mheshimiwa akatazama kila mdomo unavyotafuna. Aliporidhika kwamba sote tunateseka sawasawa, akala.

Nisikudanganye kuhusu ladha. Maharage bila chumvi siyo chakula, ni kitubio. Bugali unazunguka mdomoni unatafuta mwenzake. Mukeke, samaki ambaye watu wa huku tunajivunia mpaka tunachosha wageni, bila chumvi anakuwa na tabia ya sabuni. Koko aligeuza jiko kuwa maabara. Ndimu, tangawizi, vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vyeusi, pilipili ya kumtoa mtu machozi asahau alikuwa anatafuta nini. Kila jioni aliuliza kwa matumaini, leo je?

Na mimi nikawa natangaza. Nilishika mwiko kama kipaza sauti. Wasikilizaji wapenzi, mukeke wa leo ametoka ziwani moja kwa moja, bado hajapewa habari kwamba amekufa. Wasikilizaji, maharage yameingia uwanjani lakini yamesahau jezi. Mheshimiwa alicheka mpaka punje ya wali ikamtokea puani, na Koko akanipiga kwa taulo, akasema mtoto wa kike wa namna gani huyu, nani atamwoa. Halafu na yeye akacheka. Tulikuwa tunakaa pale mkekani muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji.

Lakini mwili una mambo yake. Haikupita siku nyingi Baba akaanza kuchelewa. Anauza vipuri vya pikipiki kwenye maduka ya mtaa wa Asiatique, na ulikuwa wakati ule ambao mafuta yamepotea mjini, mabasi machache, watu foleni hadi kona. Basi sababu ilikuwa tayari, imepikwa na serikali nzima. Aliingia, akasema foleni ya leo si mchezo, akaketi, akamega bugali kidogo kama mgonjwa, akasema ameshiba. Shati lake lilinuka moshi, na sharubu zake zilinuka kitunguu. Mimi sikusema kitu, kwa sababu na mimi nilikuwa nakula sambusa mapumzikoni shuleni, na kabla ya kuingia nyumbani nilikuwa nasugua vidole bombani kwa sabuni ya kufulia. Koko naye alikuwa anaenda chooni mara nyingi mno kwa mtu anayekunywa maji kidogo. Siku moja fundo la kitenge chake lilifunguka, zikadondoka punje nyeupe. Akaniangalia. Nikamwangalia. Akafunga fundo.

Mkaguzi alikuwa Mheshimiwa mwenyewe. Kabla ya kula alikuwa anapita kwa kila mtu. "Leta mukono," anasema. Unaleta. Ananusa, anafikiri, anasema, "Muzuri," anaenda kwa mwingine. Nilijiona mjanja sana.

Kitu kimoja Mama alikataa: kuwaambia watu. Mtaani kwetu mtoto akivimba, ugonjwa una jina moja tu, kwamba kuna mtu amempa kitu. Wangeanza kumtaja mtu, wangemleta mzee wa kumtapisha, na wapo ambao wangeanza kumlilia mtoto angali anakula. Kwa hiyo Mheshimiwa alifungiwa chumbani kila mgeni alipobisha, na jibu lilikuwa ni homa kidogo, itapita.

Mchana mmoja mama jirani, anayeuza nyanya sokoni na kuimba sauti ya pili katika kwaya, alitukuta mezani, yaani mkekani, Mheshimiwa ndiyo kwanza amesukumwa nyuma ya pazia la chumba. Huwezi kumwona mtu anakukuta unakula usimkaribishe, na yeye hawezi kukataa. Akanawa, akaketi, akamega tonge, akachovya maharage, akatia mdomoni. Taya likasimama. Akamwangalia Mama, akamwangalia Koko, akaliangalia paa letu na kuta zetu, kama anayetafuta mahali ambapo umaskini umeingilia. Kisha akameza. Akala tonge la pili, na la tatu, kwa adabu kubwa. Wakati wa kuaga alimshika Mama mikono yote miwili na hakuiachia haraka. Mama akatuambia, hakuna alichoona. Tukapumua.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tulisikia ngoma. Nikachungulia. Wamama wa kwaya walikuwa wanakata kona ya kwetu, vitenge vya aina moja, kila mmoja na kikapu kichwani kilichofunikwa kitambaa cheupe, wanaimba na kuyumba kama wanapeleka mahari. Wakaingia uani wakaweka vikapu chini. Kiongozi wao, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa, akahutubia. Akasema shida haina haya. Akasema wamesikitika kwamba jirani zao wana watoto, wanakosa hata kile ambacho maskini hakosi, na wanakaa kimya wakati wenzao wapo. Kisha akainama akafunua kikapu cha kwanza.

Chumvi. Akafunua cha pili. Chumvi. Paketi juu ya paketi, ya unga, ya mawe, ya Kongo, ya Tanzania. Vikapu vyote. Hakuna aliyeleta hata kitunguu.

Uso wa Baba natamani ningekuwa na picha yake. Mtu mwenye kazi Asiatique, mwenye tai ya harusi na viatu vya ngozi, ameletewa chumvi ya msaada kwa ngoma. Alifungua mdomo kuokoa jina lake, akamwangalia Mama, akaufunga. Mama alisimama amekamata nguzo ya baraza. Siri yake ilikuwa nyuma ya pazia la chumba, na mbele yake kulikuwa na kwaya nzima inayongoja asante.

Pazia likasogea. Mheshimiwa akatoka, mikono nyuma, uso umevimba kama mwezi, akapita katikati ya wamama. Ngoma iliyokuwa bado inagongwagongwa ikanyamaza. Akazunguka vikapu kimoja kimoja kama kawaida yake. Halafu akamwuliza kiongozi wa kwaya, bila hasira, kama anayetaka tu kuelewa:

"Hii yote ni ya nani? Baba iko na yake. Anakulaka brosheti kwa njia. Koko anafichaka mu kitenge. Yaya anakulaka sambusa ku masomo."

Brosheti ni mishikaki. Yaya ni mimi. Huku kwetu yaya ni kaka au dada yako mkubwa, si mlezi wa mshahara, ingawa siku ile ningekubali kuwa mlezi, au mpita njia yeyote.

"Mama peke yake njo hakulake," akamalizia.

Kuku wakaanza kudonoa kitambaa cha kikapu na hakuna aliyewafukuza. Mama akapiga magoti mbele yake, akauliza kwa sauti ndogo:

"Ulikuwa unajua? Juu ya nini hukusema?"

Mheshimiwa akaangalia miguu yake iliyovimba ndani ya kandambili.

"Niliogopa mutaacha kukaa na mi."

Ndipo Mama alipolia, na ndipo alipowaambia wote, akiwa palepale magotini: figo, vidonge, kijiti, Kigali. Alisema mpaka akamaliza. Nilikuwa nangoja mtu ataje sumu. Hakuna aliyetaja, au kama alikuwepo, alingoja mpaka afike kwake. Mama wa nyanya alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha kikapu chake. Kiongozi wa kwaya akavua viatu. Akasema zawadi ikishatua chini hairudi kichwani, kwa hiyo chumvi itabaki. Kisha akakaa mkekani na kilo zake zote na akauliza leo tumepika nini.

Tulikuwa tumepika maharage. Wakala. Kwaya nzima, sauti ya kwanza na ya pili, ilitafuna maharage ya Koko bila chumvi, macho juu kama mashahidi wa imani. Nikashindwa kuvumilia, nikachukua mwiko. Wasikilizaji wapenzi, nikaanza. Mheshimiwa akajitupa nyuma kwa kicheko, na wamama wakaona kwamba imeruhusiwa, wakacheka na wao.

Baada ya hapo nyumba yetu haikuwa na pazia tena. Wamama walipokezana kuleta vyungu vilivyopikwa bila chumvi, vingine vibaya kuliko vyetu, na walikuja na watoto wao, na sinia likawa halitoshi. Baba aliacha kuchelewa. Basi likikosekana alitembea kutoka Asiatique hadi Mutakura, akafika na vumbi hadi magotini, na Mheshimiwa alimnusa mkono kwanza, halafu sharubu, halafu akampisha akae.

Uvimbe ulipungua kabla ya kijiti. Kifundo cha mguu kikarudi, tukakisalimia kama ndugu aliyetoka safari. Kisha kijani kikaanza kufifia, kikawa kama parachichi, kikawa kama ndizi inayotaka kuiva. Asubuhi moja Mama akakitoa kijiti, akakipungia, tukanyoosha shingo, na kilikuwa cha njano. Hakuna aliyeamini. Akachovya kingine. Njano. Koko akasema kopo limeharibika, akanituma nikakojoe na mimi walinganishe. Nikaenda. Ndiyo kazi kubwa niliyowahi kuifanyia familia hii. Vijiti viwili vikawekwa pamoja kwenye sahani ya maua, njano na njano, na Baba akameza povu la dawa ya meno.

Daktari alitaka kuona njano hiyo ikidumu. Ilipodumu, akasema safari ya Kigali haipo kwa sasa, na baadaye akaruhusu chumvi kidogo. Siku hiyo Mama alifungua paketi mojawapo ya kwaya. Akakaanga mukeke wa kweli, wenye chumvi na ndimu, na harufu yake ikatutoa wote vyumbani. Tukakaa. Hakuna aliyegusa. Tulimngoja yeye.

Mheshimiwa akamega kipande, akatia mdomoni. Uso ukajikunja. Akakitema kwenye kiganja.

"Iko kali," akasema. "Mi nataka ile yetu."

Baba aliegemeza kichwa ukutani akacheka, akacheka mpaka akapangusa macho kwa pindo la shati, na kupangusa kukachukua muda. Mama akainuka akaenda jikoni. Kumbe kwa mazoea alikuwa amepika na ile sufuria nyingine. Akamimina yale maharage ya kitubio kwenye sinia, na sote tukaingiza mikono humo, huku mukeke akipoa pembeni. Baba aliiba mkia wake, lakini aliuiba hadharani.

Koko alirudi Uvira. Mheshimiwa ana mashavu ya kawaida sasa, na mdomo usio wa kawaida, na chumvi amejifunza kuipenda, mpaka Mama anamnyang'anya kopo. Ile ya kwaya bado ipo, kwenye ndoo chini ya kitanda. Baba amerudi kwenye kiti chake. Sinia kubwa limetundikwa ukutani, linashuka wageni wakija.

Lakini daktari alisema mafua yanaweza kuuamsha huu ugonjwa. Juzi hapa Mheshimiwa alikohoa siku mbili, na Mama akalitoa kopo la vijiti bila kumwambia mtu. Sijui nani alisikia. Nilipotoka uani na begi langu la shule, Baba alikuwa tayari pale na mswaki mdomoni, na mdogo wetu wa kati, jicho moja limefumba. Mama akazamisha, akapungia. Njano.

Basi, imeisha, tungeenda. Lakini hakuna aliyesogea. Tulisimama tu pale tunakiangalia kile kijiti, Baba na povu lake, mimi na begi langu, nimeshachelewa. Mheshimiwa akatuangalia mmoja mmoja, mikono nyuma.

"Munangoja nini?" akasema. "Ni mukojo tu."